Mashine ya kuchomea inanitekenya nikigusa ukuta wa mabati: shida ni mashine au ni stima?

BintiVyuma_Ahero

Hamjambo mafundi. Nimetoka chuo cha ufundi, nina cheti cha gredi ya tatu cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na nimekodi kibanda hapa Ahero upande wa barabara ya Katito. Kuta ni mabati, paa ni mabati, sakafu ni udongo niliomwagia kokoto. Mashine ni inveta ndogo, zile nyepesi zenye kadi za elektroniki ndani, kibandiko kinasema ampea 200, nimeinunua mkononi mwa fundi aliyehamia Nairobi. Kazi ninazopata ni zile za kawaida: grili za madirisha, mageti madogo, majiko, fremu za viti, mara moja moja plau ya ng'ombe iliyokatika.

Stima naivuta kwa jirani yangu kinyozi. Mita ya tokeni ni yake, tunachangia. Ekstensheni inatoka kwenye soketi yake, inapita juu ya paa kama mita 30 hivi, kisha inaingia kwangu. Ni ile nyeupe ya nyaya mbili, na katikati imeungwa kwa selotepu nyeusi.

Sasa shida zenyewe. Nikigusa bodi ya mashine bila glavu huku bega limeegemea mabati, inanitekenya. Hainirushi, inatekenya tu, lakini tangu mvua zianze imezidi. Halafu plagi inapata moto hadi plastiki imeanza kuwa kahawia. Na nikitia rodi ya kuchomea ya geji 10, ile nene, taa za kinyozi zinafifia, mashine yake ya kunyolea inabadilisha sauti, na mteja aliye kwenye kiti anageuka kuniangalia kama mimi ndiye nimemkata. Geji 12 inaenda bila matata.

Chuoni tulikuta kila kitu kimeshafungwa ukutani, kazi yetu ilikuwa kubonyeza swichi. Hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuanza mahali ambapo hakuna kitu. Mafundi wa hapa stendi wananiambia ni kawaida, nivae tu viatu vya raba. Nina hela kidogo nimeweka, na nilikuwa nafikiria kununua mashine ya ampea 300 ili geji 10 isinisumbue. Nianzie wapi?

Jokali_Kondele

Dada usitishike, hiyo kutekenya sisi sote tunaijua. Panda juu ya ubao, vaa champali, chapa kazi. Plagi ikisumbua toa ile fyuzi uweke kipande cha waya, hutaona moto tena. Ya ampea 300 nunua, mashine kubwa ni heshima.

MzeeWaKibuye

Binti yangu, zima hiyo mashine, uchomoe, na usiiwashe tena hadi hiyo habari ya kutekenya iishe. Jokali, wewe nitakurudia.

Kwanza uelewe kinachokutekenya. Inveta nyingi zina kichujio mle ndani, kapasita ndogo zilizofungwa kutoka kwa laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudi) kwenda kwenye bodi ya chuma, ili kelele za umeme zisirudi kwenye nyaya. Aliyeitengeneza alitarajia bodi iwe imefungwa kwenye waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Wewe umeipa nyaya mbili. Athi haipo. Kwa hiyo bodi inakaa na karibu nusu ya volti za ukutani, kama 120, na mkondo mdogo unapitia kwako kwenda kwenye mabati na ardhini. Ni mdogo sana, ndiyo sababu unatekenywa na haurushwi.

Huenda ni hilo tu. Lakini waya wa laini uliochubuka ndani na kuanza kugusa bodi kupitia vumbi la grainda lenye unyevu nao hutekenya vivyo hivyo mwanzoni, na ngozi yako haina namna ya kutofautisha. Vumbi la chuma huvutwa ndani na feni kila siku, hasa kwa fundi anayekata na grainda palepale mashine ilipo. Na hii ni mashine ya mkononi, hujui imefunguliwa mara ngapi. Ukisema imezidi tangu mvua zianze, mimi silali.

Halafu fikiria kibanda chenyewe. Ekstensheni yenye kiungo cha selotepu inapita juu ya paa la mabati. Ukingo wa bati ni kisu. Siku ukikata ile plastiki, paa, kuta na mlango vyote vinakuwa na umeme, na anayeegemea nje akinunua mahindi ya kuchoma hajui lolote kuhusu viatu vyako vya raba.

Kwa hiyo hela uliyo nayo isiende kwenye mashine kubwa. Iende ukutani. Nitakwambia kwa mpangilio ambao mimi ningelipa.

Cha kwanza ni laini yako peke yako kutoka kwenye kisanduku cha breka cha kinyozi. Usitumie soketi yake tena. Waya wa shaba wa nyaya tatu, milimita 6, ndani ya bomba, usiolala juu ya bati. Hapa piga hesabu nami. Geji 10 ni rodi ya milimita 3.2, inataka kama ampea 100 hadi 120. Arki, yaani ule mwali wa kuchomea, kwa ampea 100 inakaa karibu na volti 24, hiyo ni wati 2400. Mashine nayo inapoteza kiasi kwa joto, na inveta za bei hii huvuta umeme kwa mikupuo, kwa hiyo ukutani unaweza kuona ampea 17 au 18. Plagi ya kawaida ni ya 13. Fyuzi ya 13 haikatiki mara moja kwa 17, inakaa pale ikichemka, na ndiyo hiyo rangi ya kahawia unayoiona. Geji 12, yaani milimita 2.5, kwa ampea 70 hivi inavuta ukutani chini ya 13, ndiyo maana haikupi matata.

Waya wako mweupe nadhani ni wa milimita 1.5 au chini yake. Kwa mita 30 na ampea 17 unapoteza karibu volti 15 njiani, na zaidi ya wati 250 zinaishia kupasha moto waya juu ya paa. Na ukiwa umeuzungusha kwenye gurudumu lake bila kuukunjua, joto halina pa kutokea, utayeyuka kuanzia katikati. Waya wa milimita 6 kwa safari hiyohiyo unapoteza chini ya volti 4. Ukinunua, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, irudishe.

Cha pili, breka ya ampea 32 aina ya C, kwa sababu mashine ikiwashwa inavuta kwa ghafla na aina ya B itakatika kila asubuhi. Mwishoni weka ile soketi ya buluu ya viwandani ya ampea 32 pamoja na plagi yake. Ukishafunga hiyo, huyo wa waya kwenye fyuzi hana pa kuuweka. Jokali, umeniona?

Cha tatu, RCD ya miliampea 30, na athi ya kweli, yaani rodi ya chuma iliyopigiliwa ardhini. RCD inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, na tofauti ikitokea inakata kabla moyo haujayumba. Hiyo usiiruke.

Kazi ya kisanduku ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Wewe una cheti cha vyuma, si cha umeme, na sheria ni sheria. Mwombe akuonyeshe kadi, hatakasirika.

Upande wa kuchomea wenyewe nitasema machache. Ile klampu unayobana kwenye kazi si athi, ni njia ya mkondo kurudi kwenye mashine. Ibane kwenye geti lenyewe, mahali ulipokwangua kutu, karibu na unapochoma. Ukiibana kwenye nguzo ya kibanda kwa sababu waya ni mfupi, ampea 100 zitatafuta njia yao kupitia mabati, viungo vyenye kutu vitawaka, na zikipata waya wa athi wa kinyozi zitauunguza. Na RCD haiulindi upande huu, kwa sababu umetengwa na umeme wa ukutani. Holda, kile kishikio cha rodi, ikiwa wazi bila arki ina volti 60 hadi 80. Mtu mkavu mara nyingi hazimfanyi kitu. Mtu aliyelowa jasho la Ahero saa nane mchana, amepiga magoti juu ya geti, ni habari nyingine. Badilisha rodi ukiwa na glavu kavu za ngozi, usiibane holda kwapani, usijizungushie waya begani. Weka ubao mkavu chini ya magoti; hapo peke yake ndipo Jokali amesema kweli.

Kuhusu ampea 300, soma kibandiko vizuri. Kuna asilimia imeandikwa kando ya ampea. Ikisema 200 kwa asilimia 60, ni dakika 6 za kuchoma katika kila 10, nyingine ni za kupoa. Mashine nyingi za bei ya chini zenye namba kubwa hazifikii namba hiyo. Hiyo uliyo nayo inatosha geji 10 ikilishwa vizuri.

GetiKubwa_Shabab

Nasalimia kutoka Nakuru. Mzee nakubaliana nawe kuhusu waya, lakini mbona mnamficha binti habari za mashine ya transfoma? Hapa kwetu zinasukwa na mafundi, ni shaba na vyuma tu, hakuna kadi ya kuungua. Radi ikipiga, inveta inakufa, transfoma inaendelea kunguruma. Stima ikishuka hadi volti 190 jioni watu wakipika, inveta yangu inawasha taa ya njano na kugoma. Transfoma inachoma, polepole lakini inachoma. Na ikiharibika inarekebishwa hapo hapo mtaani.

Jambo jingine, jenereta. Nilipokuwa nachoma paa la shule upande wa Rongai, tulikodi ndogo ya kVA 2.5 na ilikuwa inazimika kila rodi ikigusa. Kwa geji 10 usikubali chini ya kVA 5.

MzeeWaKibuye

GetiKubwa, hapo kwa radi na volti ndogo umeshinda, sibishani. Inveta ikipumzika ichomolewe kabisa, hasa saa zile mawingu yanapanda kutoka ziwani. Swichi ya mashine peke yake haitoshi.

Lakini transfoma ninazoziona zikisukwa zina kasoro mbili. Nyingi hazina kifuniko, nyuzi za volti 240 ziko wazi pembeni na watoto wanapita. Na koili ya kwanza, ya umeme wa ukutani, na ya pili, ya kuchomea, zimelaliana, kati yao ni karatasi na vanishi tu. Vanishi ikiungua, volti 240 zinakuja hadi kwenye rodi. Pia ile inatoa AC, umeme unaogeuka mwelekeo, na AC ya mizunguko 50 kwa sekunde huukaza mkono ushindwe kuachia, kuliko DC ya inveta, umeme wa mwelekeo mmoja, yenye volti hizohizo. Kwenye kibanda cha bati chenye sakafu ya udongo mimi nachagua inveta. Ukinunua nyingine siku zijazo, tafuta alama ya herufi S ndani ya mraba. Inamaanisha imetengenezwa kwa sehemu zenye hatari zaidi ya umeme, na kibanda chako ni mojawapo.

Na transfoma ingevuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile. Yule mteja wa kinyozi angenyolewa gizani.

Sista_wa_Macho

Nafanya kazi kwenye kliniki ya macho hapa Kisumu. Nimesoma yote na sijaona mtu ametaja kinga ya macho, na ndiyo inayotuletea mafundi usiku.

Dada, kioo cheusi cha kinga yako ya uso ni namba ngapi? Kwa ampea zako kinatakiwa kuwa 10 au 11. Miwani ya jua, hata ukivaa miwili miwili, inapunguza mwanga tu, haijatengenezewa miale ya arki. Kinachounguza ni miale ya urujuani, haionekani, inachoma kioo cha mbele cha jicho. Hutasikia chochote mchana. Saa 6 hadi 12 baadaye, umeshalala, unaamka ukihisi mchanga umejaa machoni, machozi yanatiririka, hutaki hata mwanga wa simu.

Likitokea usipake viazi, usitie maziwa, ya ng'ombe au ya mama, wala asali. Hizo zinaleta vijidudu juu ya kidonda. Usisugue. Weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope, kunywa dawa ya maumivu, kaa gizani. Mara nyingi hupona ndani ya saa 24 hadi 48. Ukiona hupati nafuu, au unaona ukungu, au kuna kipande cha chuma, njoo hospitalini mara moja. Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ipo, na walio upande wa Vihiga wana hospitali ya macho ya Sabatia. Yale matone ya kutia ganzi ambayo watu wanauziana, tafadhali msiyatumie nyumbani. Maumivu yanaisha, unaendelea kusugua, na kidonda kinazidi.

Kinyozi wako na wateja wake nao wana macho. Ning'iniza turubai zito upande wa barabara. Tunapata watoto waliosimama kutazama tu.

Na mabomba ya mabati, yale yenye zinki: kwangua ile rangi ya fedha kwanza hadi chuma cheusi kionekane, na chomea nje penye upepo. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa na kutetemeka jioni, watu wanameza dawa za malaria bure.

Jokali_Kondele

Sista, hiyo homa nimeipata na nikapimwa malaria nikaambiwa sina. Kumbe. Haya, nimenyamaza.

BintiVyuma_Ahero

Asanteni sana, mzee, sista na wote. Mashine nimeichomoa. Nimeenda na kinyozi kuangalia soketi yake na tumekuta kwenye plagi ya ekstensheni fyuzi imefungwa karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Anasema aliikuta hivyo. Kioo changu ni namba 11, hapo niko sawa, turubai naning'iniza leo.

Nimeongea na fundi umeme mwenye kadi. Waya na breka naweza, RCD labda mwezi ujao. Nauliza: je, nikipigilia rodi ya athi sasa, nikaifunga kwenye bodi na kwenye mabati, naweza kuchoma huku natafuta ya RCD? Nina geti la mtu na ameshalipa nusu.

Pia mtu wa boda ameniletea tangi linalovuja. Amelimwaga petroli yote, anasema ni kavu.

MzeeWaKibuye

La tangi kwanza, maana ni fupi. Hapana. Petroli haimalizwi kwa kumwagwa, mvuke unabaki kwenye kutu na kwenye mikunjo ya ndani, na tangi tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa. Mwambie anunue jingine au aende kwa anayeziba bila moto. Akisema fundi mwingine atamfanyia, mwache aende.

La rodi. Jibu ni hapana pia, na nitakupa sababu yenye namba. Rodi ya mita 1.2 ukiipigilia yote kwenye udongo mweusi wa Kano inashika vizuri kuliko kwetu huku Bunyore nilikozaliwa, ambako nyundo inagonga jiwe kabla hujafika goti. Tuseme umepata ukinzani wa omu 20, na hiyo ni nzuri. Laini ikigusa bodi, volti 240 gawanya kwa 20 ni ampea 12. Breka yako ni ya 32. Haitakatika. Itakaa hapo kutwa, bodi na mabati vikiwa na umeme, na wewe ukiamini uko salama kwa sababu umeona waya wa kijani. RCD inakata kwa miliampea 30, kwa hiyo hata rodi mbaya inaitosha. Ndiyo maana vinakwenda pamoja.

Udongo huo mweusi una tabia nyingine. Kiangazi unapasuka na kujitenga na rodi. Ipigilie upande ambao maji ya paa yanadondokea, na Januari na Februari umwagie ndoo.

Kama hela haitoshi vyote, punguza kwingine. Nunua waya wa milimita 4 na breka ya 20 kwa sasa, uchome geji 12 peke yake, na RCD uiweke leo. Grili na geti dogo havihitaji geji 10, pitisha mara mbili tu. Uliza pia fundi umeme kuhusu kifaa kimoja kinachounganisha breka na RCD, huchukua nafasi moja kwenye kisanduku na wakati mwingine hutoka nafuu kuliko viwili.

Akimaliza kufunga, kabla hajaondoka, afanye haya mbele yako. Abonyeze kitufe cha T kwenye RCD, lazima ikate. Wewe uendelee kukibonyeza kila mwezi. Apime ukinzani wa rodi kwa kifaa chake. Achomeke mashine bila kuiwasha, kisha aiwashe bila kuchoma. RCD ikikata papo hapo, huenda mashine yako ina waya unaogusa bodi, ipeleke ifunguliwe na ipulizwe vumbi, na usimsikilize atakayekwambia uitoe RCD. Isipokata, aweke multimita kati ya bodi na rodi ya athi. Unataka kuona volti chache sana, sifuri au karibu yake, badala ya ile 120.

Ndoo ya mchanga mlangoni, na ukimaliza kazi ya jioni kaa nusu saa kabla ya kufunga, kwa sababu cheche huingia kwenye gunia na kuwaka polepole. Kinyozi ana taulo na spiriti hapo pembeni.

Ukipimiwa niandikie hapa hizo namba mbili, omu za rodi na volti za bodi.